Gari la Dizeli na Safari Fupi: Tuliyoyaona Chiola



Katika mkutano uliopita baadhi yenu mliitaka Halmashauri inunue pikapu ya dizeli, iwe ikibeba karafuu kutoka mashambani mpaka kituo cha kuuzia wakati wa msimu. Hoja zenu zilikuwa nzuri. Dizeli hula mafuta kidogo, ina nguvu ya kupanda vilima vyetu, na injini yake husifiwa kwa kuishi miaka mingi. Tulikuwa karibu kukubali. Lakini siku zile zile wenzetu wawili wa Halmashauri walikuwa bara, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, Mkoa wa Lindi, kutazama jinsi wakulima wa korosho wanavyofikisha mazao yao ghalani. Na huko Chiola waliona jambo lililotufanya tusite. Twaona ni haki mlijue nanyi kabla fedha zenu hazijatoka mfukoni.

Mwenyeji wetu wa Chiola ni mzee mwenye mikorosho yake, naye ana lori dogo la dizeli, la mtumba kutoka Japani. Kazi ya lori hilo ni moja tu. Msimu wa korosho ukifika, toka mwezi wa Oktoba, hutoka shambani na magunia, likaenda kilomita tatu au nne mpaka ghala la chama cha msingi, likazimwa, likangoja zamu ya mizani, likashusha, likarudi. Korosho zikishapimwa mkulima hupewa stakabadhi yake na kungoja mnada, wala yeye hana haja ya kuzisafirisha mbali. Kwa hiyo lori lile laweza kupita miezi mizima bila kuona njia ndefu. Mzee alilisifu sana. Alituambia, “Wanangu, gari hili nalionea huruma, silitumikishi. Halijapata kwenda mbali hata mara tatu tangu nilinunue.”

Hiyo huruma ndiyo iliyoliua.

Kwanza iliwaka taa ya manjano mbele ya dereva, yenye picha kama kisanduku chenye vitone ndani yake. Kando yake yalitokea maandishi ya Kijapani, ambayo hapana mtu Chiola aliyeweza kuyasoma. Gari lilikuwa likienda, basi dereva akabandika kipande cha plasta juu ya taa ili isimsumbue usiku. Baada ya majuma machache taa ikaanza kupepesa chini ya plasta. Halafu siku moja, magunia yamejaa na mawingu yamekusanyika, lori likapoteza nguvu zote. Likawa haliwezi kumpita mtu wa baiskeli, wala kukanyaga mafuta hakukusaidia kitu. Mzee akakodi lori la mtu mwingine kwa bei ya msimu, nanyi mwajua bei ya msimu ilivyo.

Fundi alipofika kutoka mjini Nachingwea alichomoa kile kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama, nyepesi kama maji, na inanuka dizeli. Mzee alistaajabu. Kumbe alikuwa ameiona inapanda tangu zamani, akadhani ni neema, kwamba amepata gari lisilokula oili.

Sasa tueleze mambo haya yametokana na nini, kwa sababu yote yana asili moja.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama injini ya petroli. Bwana Rudolf Diesel, Mjerumani, aliyeifanya injini yake ya kwanza ifanye kazi vizuri mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, aliijenga juu ya jambo ambalo kila aliyejaza upepo baiskeli analijua: hewa ikibanwa hupata moto. Ndani ya silinda hewa hubanwa hata ikawa sehemu moja ya kumi na sita, au zaidi ya hapo, ya ukubwa wake wa kwanza, na joto lake hupita nyuzi 500 za Sentigredi. Hapo dizeli hunyunyizwa kwa nozeli, ikawaka yenyewe. Njia hii hutoa kazi nyingi kwa mafuta machache, na maana yake ni kwamba joto linalopotea bure ni dogo. Hiyo ni sifa yake, na ndiyo kasoro yake kwa mtu wa safari fupi. Injini isiyopoteza joto huchelewa kupata moto mwili mzima. Ya petroli yaweza kuwa tayari imeshika joto lake, hali ya dizeli bado ni vuguvugu. Na dizeli inayounguzwa ndani ya injini vuguvugu haiungui yote. Kisichoungua huwa masizi.

Zamani masizi hayo yalitoka nje kwa bomba la moshi, tukayavuta sisi tuliokuwa nyuma. Mambo yalibadilika kwa sababu ya watu wa mijini mbali na hapa. Mwaka 1999 Gavana wa Tokyo, Bwana Ishihara Shintaro, alisimama mbele ya waandishi wa habari na chupa yenye masizi ya magari, akaitikisa ili waone jinsi mji wao unavyopumua. Tarehe 1 Oktoba 2003 Tokyo na mikoa mitatu jirani yake ikayakataza magari ya dizeli yasiyotimiza kipimo cha moshi. Tangu hapo chujio la masizi likawa kitu cha kawaida katika malori na pikapu za Japani, na kwa kuwa magari yetu mengi ni mitumba itokayo huko, chujio hilo limefika mpaka Chiola, na limefika mpaka kwetu, bila ya mtu kutuambia.

Chujio lenyewe ni kitu kama sega la nyuki, la udongo uliochomwa, lililofungiwa ndani ya bomba la moshi. Moshi hupita, masizi hunaswa. Likianza kujaa hapana budi lisafishwe, na husafishwa kwa moto: joto ndani yake likifika nyuzi 550 na zaidi, masizi huungua yakaisha. Gari linalokwenda njia ndefu na mzigo mara nyingi huungua masizi yake taratibu, dereva asijue kitu. Likiwa halipati joto hilo, akili ya injini hujaribu yenyewe: hunyunyiza dizeli ya ziada katika silinda baada ya wakati wake, ili joto liende katika bomba. Kazi hiyo huchukua kadiri ya dakika kumi mpaka ishirini na tano za mwendo usiokatizwa.

Hebu fikirini lori la Chiola. Limekwenda dakika kumi, limeanza kuchoma, dereva akalizima ili angoje mizani. Safari ya kurudi injini yaanza tena, yazimwa tena. Masizi hayaishi, na ile dizeli ya ziada isiyopata kuungua hushuka kandokando ya pistoni, ikapita penye ringi, ikaingia katika oili. Hii ndiyo neema aliyoiona mzee wetu. Oili iliyochanganyika na dizeli haina utelezi. Vyuma husagana, na cha kwanza kuumia mara nyingi ni tabo, ambayo huzunguka mbio kupita kitu chochote katika gari na yategemea oili hiyo hiyo. Kwa hiyo mwanachama akiona oili yake inapanda badala ya kushuka, asishukuru. Aimwage, atie nyingine, na atafute sababu.

Wako watakaosema kwamba lawama ni ya mafuta yetu machafu. Tumelisikia neno hilo Chiola, na hapa kwetu husemwa kila siku. Zamani lilikuwa na haki yake, maana salfa nyingi katika dizeli huharibu vyombo vya kusafishia moshi. Lakini mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ziliweka kipimo kimoja, salfa isizidi sehemu 50 katika milioni. Ukinunua dizeli penye pampu inayojulikana, hiyo si sababu kubwa tena. Ukinunua katika madumu njiani ni habari nyingine.

Tena kuna maji. Watu wengi hawaamini tukiwaambia kwamba lita moja ya dizeli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Hutoka kwa namna ya mvuke, na bomba likiwa na moto mvuke wote huenda zake. Bomba likiwa bado baridi mvuke hugeuka matone, ukakaa ndani, ukachanganyika na masizi, bomba likaoza kutoka ndani. Sisi watu wa pwani bomba letu laoza pia kutoka nje kwa chumvi. Basi halina pa kukimbilia. Mvuke mwingine huingia penye oili. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta chini yake utando mweupe kama tui, na maji ya rejeta hayapungui, jua kwamba gari lako halipati joto la kutosha kukausha tumbo lake.

Betri nayo. Kuwasha injini ya dizeli kwataka umeme mwingi, kwa sababu mbano wake ni mgumu kuuzungusha, na asubuhi ya baridi huongezeka zile plagi za kupashia moto. Umeme uliotoka hurudishwa taratibu wakati wa mwendo. Safari ya dakika saba, na taa, na redio, na kile kipepeo cha baridi, hairudishi ulichokichukua. Mzee wa Chiola alinunua betri mpya mara mbili akidhani anauziwa mbovu.

Je, mwenye gari la kale lisilo na chujio amesalimika? Amesalimika na taa ya manjano tu, kwa sababu gari lake halina taa hiyo. Maji katika oili, betri, bomba kuoza, yote yanamhusu. Na magari mengi yaliyo kati ya kale na mapya yana njia inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza sumu. Moshi huo ukikutana na mvuke wa oili katika injini isiyopata moto, hufanya utandu mweusi kama lami katika njia ya hewa, hata mlango mpana kama ngumi ukabaki tundu la kidole. Lakini kwa haki tuseme: zile dizeli za kale, nzito na za polepole, zilivumilia upuuzi wetu kuliko hizi za sasa, na ndiyo maana sifa ya dizeli kuishi miaka mingi bado yavuma ingawa gari linalouzwa leo si lile lililoipata sifa hiyo.

Tuliporudi kutoka Chiola tulipita Nachingwea mjini, na hatukuweza kuacha kuukumbuka ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa kwa meli, mengi yakiwa yamekwisha choka tangu vitani, na hasa kule Kongwa yaliharibika kwa wingi kwa ardhi ngumu na kwa uchache wa mafundi na vipuri. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa. Mitambo ile iliuawa na kazi kubwa mno, na lori la mzee wetu liliuawa na kazi ndogo mno, lakini katika hali zote mbili mashine ilinunuliwa kabla ya kuitazama kazi yenyewe.

Sasa dawa. Kwa mwenye dizeli tayari, dawa ya kwanza ni safari ndefu kidogo mara moja kwa juma, ama kila taa ya kisanduku inapowaka: nusu saa ya mwendo usiokatizwa, injini ikizunguka kadiri ya mara 2,000 kwa dakika. Mtu wa Chiola ana njia ya kwenda Masasi. Sisi je? Pemba yote urefu wake ni kilomita 67 hivi, na njia zake ni kona na vilima. Mtu hawezi kushika mwendo mkali hata akitaka, wala hatumshauri. Lakini chujio halijui kilomita, lajua joto. Tumia gia ya chini kuliko ulivyozoea, ili injini izunguke vya kutosha hali gari linakwenda kwa adabu. Kutoka Mkoani mpaka Chake Chake kwa namna hiyo, bila kusimama kila penye rafiki, kwatosha. Mwenye magunia ya kupeleka mbali na ayapeleke siku hiyo, asiichome dizeli bure.

Malori mengi yana kitufe cha kuchomea masizi gari likiwa limesimama. Taa ikipepesa, dereva huliweka gari mahali pa wazi, hufunga breki ya mkono, hukibonyeza, hungoja mpaka taa izime. Hapa twaomba mtusikilize sana. Wakati huo bomba huwa moto wa kuwasha majani makavu. Msilifanye jambo hili penye nyasi za kiangazi, wala chini ya banda la makuti, wala karibu na majamvi ya karafuu au makonyo yaliyoanikwa, na msilifanye ndani ya ghala hata milango ikiwa wazi. Chiola walikuwa wakiegesha lori chini ya mikorosho, juu ya majani makavu yaliyoanguka. Wenzetu walipoona hivyo walishindwa hata kumaliza chai.

Oili ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema, maana kitabu huhesabu safari za kawaida. Sisi tungesema nusu ya kilomita zile. Na iwe oili ya gari lenye chujio. Kwa magari ya Kijapani tazama juu ya kopo maandishi ya JASO: DL-1 kwa pikapu na magari madogo, DH-2 kwa malori. Oili nyingine huacha majivu mengi, na majivu hayaungui kama masizi. Hubaki ndani ya chujio mpaka livuliwe na kusafishwa. Kopo lake ni ghali zaidi. Chujio ni ghali mara nyingi zaidi.

Yapo maneno ya kusema juu ya mafundi wanaoshauri chujio litobolewe ndani au livuliwe kabisa. Fundi wa kwanza aliyeitwa Chiola alitaka kufanya hivyo, na bei yake ilikuwa rahisi. Ni kweli gari hupumua. Lakini akili ya injini yabaki ikilitafuta chujio lisilokuwapo, ikinyunyiza dizeli ya bure katika oili, mpaka nayo idanganywe kwa kompyuta na mtu ambaye huenda hajui anachokifanya. Tena moshi ule wote warudi nje. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika daraja la vitu vyenye hakika ya kuleta saratani. Wachumaji wetu hurudi jioni nyuma ya pikapu, watoto wamo. Halmashauri haitatoa fedha ya chama kwa kazi hiyo.

Fundi wa pili alilivua chujio la mzee, akalipeleka kusafishwa, akabadilisha oili, akaiondoa plasta. Akamwandikia dereva kwa Kiswahili, kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya usukani, maana ya kila taa. Tumeliiga jambo hilo: mwanachama mwenye gari lenye maandishi ya Kijapani alilete ofisini siku ya Jumamosi asubuhi, naye atapatiwa karatasi yake.

Tubaki na lile la pikapu ya chama. Maoni yetu, na mnaweza kuyakataa mkutanoni, ni kwamba gari litakalokwenda kilomita tatu na kurudi mwaka mzima lingefaa liwe la petroli, ingawa litakula zaidi na litalalamika kidogo mlimani. Lakini kama litabeba karafuu za matawi kadhaa kwa pamoja, likapita njia ndefu kila juma, na nje ya msimu likapewa kazi ya kwenda bandarini, basi dizeli itastahili sifa zake. Hatuwezi kukata shauri bila hesabu. Kwa hiyo kila tawi na lituandikie, kwa msimu uliopita, safari zake zilikuwa ngapi kwa siku, kila moja umbali gani, na gari lilikuwa likizimwa kwa muda gani penye mizani. Makatibu wa matawi wazilete karatasi hizo ofisini majuma mawili kabla ya mkutano. Tawi lisilo na gari na liandike safari za gari lililokodi, pamoja na bei iliyolipwa.